Kabla Mto Haujafungwa

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo wazee wetu hawakulijua sana, bali sisi wa leo hatuwezi kulikwepa. Zamani mto ulikwenda ulivyopenda. Ukijaa, watu walipanda juu. Ukikauka, walichimba mchangani. Leo wataalamu wanaweza kuufunga mto kwa ukuta wa mawe na sementi, wakayakusanya maji ya masika, wakayatunza, na kuyatoa wakati wa kiangazi kwa mashamba na kwa mabomba ya mji. Hiyo ni kazi njema. Lakini maji yaliyokusanywa hutaka mahali pa kulala, na mahali pale mara nyingi pana watu: pana nyumba, pana mashamba, pana makaburi. Basi swali ni hili: je, ni haki kuwaondoa watu wachache katika nchi yao, ili watu wengi wapate maji na chakula?

Wako wanaojibu upesi: "Ndiyo, kwa sababu wengi ni wengi." Wako wengine wanaojibu upesi vilevile: "Hapana, nchi ya mababu haiguswi." Majibu yote mawili ni mepesi mno kwa jambo zito hivi. Yafaa tufikiri polepole. Na ili tusifikiri hewani, tutachukua mfano mmoja wa kweli, yaani mto Nili. Mto huo si mgeni kabisa kwetu sisi wa Kongo. Maji ya ziwa Edward hushuka kwa mto Semliki mpaka ziwa Albert, na kutoka hapo huingia katika Nili. Kidogo cha maji ya milima yetu kimelala katika bwawa tutakalolisema.

Kiu si jambo la mzaha

Tuanze kwa kuwatendea haki wale wanaotaka kujenga. Nchi ya Misri karibu haina mvua. Mkulima wa kule hatazami mawingu, hutazama mto. Kabla ya ukuta kujengwa, mto ulijaa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi cha huko, ukafunika mashamba, ukaacha matope yenye rutuba. Lakini haukujaa sawasawa. Mwaka mmoja ulileta maji mengi mno na kubomoa vijiji. Mwaka mwingine ulileta machache, kama mwaka 1913, na mashamba mengi yakabaki makavu. Mtu alipanda bila kujua kama atavuna.

Kwa hiyo mwezi wa Januari 1960 Misri ilianza kujenga ukuta mkubwa huko Aswan, nao ulikamilika mwaka 1970. Nyuma ya ukuta huo likatokea ziwa lenye urefu wa kilomita 500 hivi, nalo linaingia mpaka ndani ya Sudani. Miaka kumi na kitu baadaye faida yake ilionekana wazi. Mvua zilikosekana katika milima ya Ethiopia, na katika miaka ya 1984 na 1985 watu wengi sana wa Ethiopia walikufa kwa njaa. Misri hunywa maji ya milima ileile, lakini mashamba yake hayakukauka, maana yalinyweshwa maji yaliyowekwa akiba tangu miaka ya neema. Mwaka 1988 ziwa lilikuwa limepungua sana ndipo mvua zikarudi.

Ni kweli, ukuta ule ulileta pia hasara zake. Matope yaliyorutubisha mashamba sasa hukwama ziwani, na mkulima hununua mbolea. Pwani, mahali mto unapoingia baharini, bahari inakula nchi kavu, kwa sababu mto hauleti tena udongo wa kuijaza. Lakini anayesema kwamba kila ukuta wa namna hii ni uovu mtupu, na aende akamwambie hivyo mama mwenye watoto wanaokula ngano ya mashamba yale. Kiu si jambo la mzaha, wala njaa. Anayetafuta maji kwa ajili ya watu anafanya kazi ya huruma.

Watu wa Halfa

Sasa tutazame upande wa pili. Ziwa la Aswan lilifunika nchi ya Wanubia. Upande wa Misri watu wapata 50,000 waliondolewa, na upande wa Sudani wengine wapata 50,000, pamoja na mji wa Wadi Halfa na vijiji vya kandokando ya mto. Tuseme juu ya hao wa Sudani.

Mwezi wa Novemba 1959 serikali za Misri na Sudani zilifanya mkataba wa kugawana maji ya Nili. Misri ilipata mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudani bilioni 18.5. Tena Misri ilikubali kuilipa Sudani pauni milioni 15 kwa ajili ya mali itakayozama. Angalia vizuri, msomaji: serikali ilitia sahihi, serikali ikapokea malipo, lakini wale ambao nyumba zao zitazama hawakuketi mezani. Kwa watu wa Halfa jambo lilikuwa limekwisha kukatwa kabla halijaanza kuzungumzwa nao.

Baadaye waliulizwa wangependa kuhamia wapi. Walichagua wajumbe, wajumbe wakaenda kutazama sehemu mbalimbali za nchi, na watu wakasema wazi kwamba hawapataki Khashm el-Girba, bonde la mto Atbara, mashariki, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao. Mwaka 1960 serikali ikatangaza kwamba watapelekwa palepale Khashm el-Girba. Watu wakaandamana Halfa, wakaandamana Khartoum. Haikusaidia kitu. Kumwuliza mtu, halafu kutenda kinyume cha jibu lake bila kumpa sababu, ni vibaya kuliko kutomwuliza kabisa, kwa maana ni kumdhihaki.

Mwezi wa Januari 1964 gari moshi la kwanza liliondoka. Kabla ya kuondoka watu walikwenda makaburini kuwaaga wafu wao. Waliacha mitende iliyopandwa na babu za babu zao. Katika nchi ile mtende si mti tu. Watu kadhaa wa ukoo huweza kuumiliki mmoja kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake ya tende, hata yule aliyekwenda kufanya kazi mbali mjini. Serikali ilihesabu mitende ikailipa kwa fedha. Lakini mti uliokuwa ukimrudisha kijana nyumbani kila mwaka ulilipwaje? Hakuna karani awezaye kuandika jambo hilo katika daftari lake.

Katika miaka hiyohiyo dunia nzima ilikuwa ikizungumza juu ya Nubia, lakini ilizungumza hasa juu ya mawe. Mwaka 1960 shirika la UNESCO liliita mataifa yote yasaidie kuokoa mahekalu ya kale. Hekalu kubwa la Abu Simbel lilikatwa vipande zaidi ya 1,000, likapandishwa mita 65 juu na kujengwa tena kama lilivyokuwa. Kazi hiyo ilidumu tangu 1964 hata 1968, ikala dola milioni 40 hivi. Huko Faras wachimbaji kutoka Poland walifukua kanisa kuu la kale la Wakristu wa Nubia, wakakuta ukutani picha zaidi ya 100 za watakatifu, maaskofu na malaika. Nyingi zilitolewa kwa uangalifu, zikawekwa katika nyumba za makumbusho za Warsaw na Khartoum. Sisi Wakristu tunashukuru kwa jambo hilo. Lakini hatuwezi kuacha kuuliza: kila jiwe lilipewa namba ili lirudi mahali pake. Je, kila mjane alipewa namba namna hiyo, ili awekwe tena karibu na jirani yake?

Wengi si wote

Hapo tunafika katika kiini cha swali. Wanaotetea kuhamisha watu husema: "Tulihesabu. Watu 50,000 watapoteza, watu milioni nyingi watapata. Nani asiyeona upande ulio mzito?" Maneno hayo yana nguvu, lakini yanamweka mtu katika mizani kama gunia la mahindi. Mahindi ya gunia moja na ya gunia jingine ni mamoja. Ukipoteza moja ukapata mawili, umefaidika. Watu sivyo. Machozi ya mtu wa Halfa hayafutwi na kicheko cha mtu wa Kairo, kwa sababu yule anayelia na yule anayecheka si mtu mmoja. Ukijumlisha, hesabu ni sawa. Lakini anayelia bado analia.

"Basi," atasema mwingine, "unataka kusema kwamba mtu mmoja anaweza kuzuia manufaa ya wote?" Sivyo. Tutofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya: manufaa ya wengi na manufaa ya wote. Manufaa ya wengi ni kitu ambacho walio wengi wanakipata, hata kama wachache wanakosa. Manufaa ya wote ni kitu ambacho kila mmoja ana sehemu yake ndani yake. Katika nyumba yenye watoto saba, baba akiuza nguo za mtoto mmoja ili wale sita wapate nyama, hawezi kusema amefanya kwa ajili ya nyumba. Amefanya kwa ajili ya sita. Yule wa saba naye ni wa nyumba.

Kwa hiyo, serikali ikisema inajenga kwa ajili ya manufaa ya wote, neno hilo linaifunga. Limewaingiza ndani hata wale watakaohama. Kama ni ya wote, basi nao wapate. Tena wapate wa kwanza, si wa mwisho, kwa maana ndio waliotoa zaidi. Na kama hawapati kitu, kazi ile yaweza kuwa na faida kubwa, yaweza kusifiwa magazetini, lakini isiitwe manufaa ya wote. Iitwe kwa jina lake: wenye nguvu wamechukua cha wasio na nguvu.

Mambo ya namna hii si ya Nubia tu. Tume ya Dunia ya Mabwawa, iliyotoa taarifa yake mwaka 2000, ilikadiri kwamba watu kati ya milioni 40 na milioni 80 duniani walikuwa wamekwisha kuondolewa makwao kwa ajili ya mabwawa. Na kwetu Kongo tunajua njia ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyomalizika mwaka 1982 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Nyaya hupita juu ya vijiji vingi, na chini yake watu wanasoma kwa kibatari. Nani atawaambia kwamba umeme ule ni wa wote?

Shamba la Naboti

Maandiko Matakatifu yanatupa habari ambayo yafaa kwa swali letu kuliko mtu anavyodhani kwanza. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Naboti. Watu wengi hukumbuka mwisho tu: Naboti alisingiziwa, akauawa. Lakini tazameni mwanzo. Ahabu hakuanza kwa kuua. Alianza kwa kutoa bei. Alisema atampa shamba lililo bora kuliko lile, au fedha kama akipenda. Kwa macho ya mfanya biashara, hayo yalikuwa malipo mazuri. Naboti alikataa hata hivyo, kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba bei nzuri peke yake haifanyi jambo kuwa haki. Kuna vitu ambavyo mtu havimiliki tu. Vitu hivyo humshika naye, humwambia yeye ni nani. Anayemtolea fedha kwa vitu hivyo na kushangaa kwa nini hachukui, hajaelewa anaomba nini.

Lakini tuulize zaidi. Ahabu alitaka shamba lile apande mboga karibu na nyumba yake. Tuseme basi kwamba hakutaka mboga. Tuseme mji mzima ulikuwa unakufa kwa kiu, na chemchemi moja tu ilikuwapo, nayo katika shamba la Naboti. Je, Naboti angeweza kusema "urithi wa baba zangu" na kufunga mlango? Hapo nadhani kila mmoja wetu ataona kwamba hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba katika haja ya mwisho vitu vyote huwa vya wote. Mwenye mali ni mtunzaji wake, na hawezi kuishika mpaka jirani afe mlangoni pake. Basi haki ya Naboti ni kubwa, lakini si kubwa kupita uhai wa jirani.

Hivyo mambo mawili yanasimama pamoja, wala moja halilifuti jingine. Mwenye nchi anaweza kuombwa aiache kwa ajili ya haja ya kweli ya watu. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba haja ni ya kweli uko juu ya yule anayeomba. Si juu ya Naboti kueleza kwa nini anataka kubaki kwake. Ni juu ya mfalme kueleza kwa nini hana njia nyingine. Tena isitoshe mfalme mwenyewe kusema "nimepima, nimeona haja ipo", maana mlafi naye huona haja kila mahali. Apime mtu asiyepata faida, na hesabu isomwe mbele ya watu.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mji unakosa maji, watu wanasema: tufunge mto. Lakini je, mabomba ya mji yametazamwa? Katika miji mingi sehemu kubwa ya maji hupotea njiani kwa mabomba yaliyopasuka kabla hayajafika kwa mtu. Je, visima vimejaribiwa, na mabwawa madogo, na mifereji isiyovuja? Kumwondoa mtu nyumbani kwake ili kujaza bomba lenye tundu si haja, ni uvivu.

Malipo gani yanatosha?

Tuseme sasa haja imeonekana, na njia nyingine hakuna. Watu wanapaswa kuhama. Walipwe nini?

Watu wa Halfa walijengewa nyumba Khashm el-Girba, na kila jamaa ikapewa shamba la fedani 15, zaidi kidogo ya hekta 6, lenye maji ya mfereji, kwa pamba, ngano na karanga. Waliokuwa na mashamba yao wenyewe walipata zaidi. Kwa karatasi hayo ni mengi kuliko vipande vya udongo walivyolima kando ya Nili. Nani atakayesema serikali haikufanya kitu? Palijengwa shule na hospitali. Tukubali mema yaliyotendwa.

Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza, ile nchi waliyopewa haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Washukria, watu wafugaji ambao tangu zamani walizungusha ngamia na kondoo wao katika uwanda ule wa Butana. Mwenye daftari aliandika "nchi tupu" kwa sababu hakuona nyumba. Basi ili kutengeneza hasara ya Wanubia, hasara nyingine ilifanywa kwa Washukria. Ukilipa deni kwa fedha uliyomnyang'anya mtu wa tatu, hujalipa, umehamisha deni.

La pili ni maji yenyewe. Mashamba mapya yalitegemea ukuta mwingine, uliojengwa juu ya mto Atbara na kumalizika mwaka 1964. Bwawa lake liliweza kushika mita za ujazo bilioni 1.3. Lakini Atbara hushuka kutoka milima ya Ethiopia umejaa matope. Matope yalitulia chini ya bwawa mwaka kwa mwaka. Kabla miaka ishirini haijapita, karibu nusu ya nafasi ya maji ilikuwa imekuwa udongo. Wakawa hufungua milango kila mwaka ili mto usukume matope nje, na hata hivyo maji ya mashamba yalipungua. Mwaka 2017 tu kuta mbili nyingine zilikamilika juu zaidi, juu ya Atbara na juu ya mto Setit, ili kuleta nafuu. Kati ya 1964 na 2017 ni miaka 53. Mtoto aliyebebwa mgongoni katika gari moshi lile alikuwa amekwisha kuwa babu.

Fundisho ni zito. Mtu alipoacha mtende wake aliacha kitu ambacho kingelisha wajukuu. Haki yadai apewe kitu ambacho nacho kitalisha wajukuu. Ahadi inayojaa matope kabla mtoto hajaoa si malipo sawa. Wala asiseme mtaalamu kwamba hakukusudia mabaya. Anayeshika maisha ya watu mikononi ana wajibu wa kuhesabu miaka, si gharama tu. Na akijua hesabu yake ina mashaka, awaambie watu mashaka yale. Kunyamaza juu ya mashaka ili watu wakubali ni namna ya kusema uongo.

Je, kuna namna iliyo bora? Hakuna iliyo kamili, lakini iko ya kutufundisha. Mwaka 1986 Lesotho na Afrika ya Kusini zilifanya mkataba wa kupeleka maji ya milima ya Lesotho mpaka sehemu za Johannesburg. Afrika ya Kusini hulipa kila wakati kwa maji yale, si mara moja tu. Na watu wa milimani waliopoteza mashamba waliwekewa utaratibu wa kulipwa kila mwaka, kwa nafaka au kwa fedha, kwa muda wa miaka 50. Watu wa kule bado wana malalamiko, na mengine ni ya haki. Lakini wazo lenyewe ni la kweli: hasara inayodumu ilipwe kwa malipo yanayodumu. Anayefungua bomba leo anywe pamoja na kumbukumbu ya yule aliyeacha shamba lake, na kumbukumbu hiyo ionekane katika bei ya maji, si katika hotuba.

Wajibu wa anayeombwa

Tusiseme wajibu wa upande mmoja tu. Anayeombwa kuhama naye ana dhamiri. Akijua kwamba haja ni ya kweli, kwamba amesikilizwa, kwamba nchi nyingine ya kumtosha ipo tayari, basi kukataa ili bei ipande ni kufanya biashara kwa kiu ya watoto wa wengine. Na tunajua mambo yanayotokea: wapimaji wakipita leo na vigingi vyao, kesho asubuhi mahali palipokuwa na majani pameota migomba elfu. Mchukuzi wa habari anajenga vibanda vitatu visivyo na watu ndani. Hayo ni wizi, hata kama anayeibiwa ni serikali. Tena humdhuru maskini wa kweli, maana karani aliyedanganywa na kumi hatamwamini wa kumi na mmoja.

Vilevile wazee wa kijiji wanaopokea bahasha usiku ili waseme "watu wote wamekubali", hao wameuza kisicho chao. Nchi ya ukoo ni ya waliokufa na ya watakaozaliwa. Aliye hai ni mtunzaji tu.

Lakini mtu akikataa kwa sababu hajaonyeshwa haja, au kwa sababu ahadi haina wa kuitunza, huyo si adui wa maendeleo. Anatufanyia sote kazi ya kuuliza. Huko Nubia kwenyewe, watu wa sehemu za kusini zaidi walipoambiwa juu ya ukuta mwingine wa Kajbar, walikumbuka Halfa wakakataa. Tarehe 13 Juni 2007 wanne waliuawa kwa risasi walipoandamana. Damu ile ni sehemu ya bei ya ahadi za zamani zisizotunzwa.

Maswali ya kuuliza mapema

Dunia ni duara. Misri, iliyofanya mkataba wa 1959 bila kuiita Ethiopia mezani, leo inalalamika juu ya ukuta mkubwa ambao Ethiopia ilianza kuujenga mwaka 2011 juu ya Nili ya Buluu na kuufungua mwezi wa Septemba 2025. Inasema hawakukubaliana. Pengine ina haki, pengine haina. Lakini sasa inajua uchungu wa mtu anayekaa chini ya mto na kuamuliwa na mwingine. Neno lile tulilofundishwa tangu utoto, kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa, linahusu hata mataifa na mito.

Kwetu pia mito ni mingi, na mipango itakuja. Mingine imekwisha kuja. Itakapofika kijijini kwako, ndugu msomaji, usikimbilie kupiga vigelegele wala kupiga mawe. Nenda mkutanoni, keti mbele, uulize maswali haya.

Kwanza: nani atakunywa maji haya, na nani atalima kwayo? Kama jibu ni "taifa", omba majina ya miji na ya mashamba.

Pili: njia nyingine zimejaribiwa? Zilishindwa kwa sababu gani?

Tatu: nchi mpya iko wapi, nani anaitumia sasa, na je, tutaiona kwa macho kabla ya kutia kidole katika wino? Shamba kwa shamba, nyumba kwa nyumba, jirani karibu na jirani. Na yote yawe tayari kabla maji hayajapanda.

Nne: bwawa litaishi miaka mingapi? Matope yatakwenda wapi?

Tano: nani atatunza ahadi hizi wakati mkubwa aliyezitoa atakapokuwa amehamishwa, au amekufa? Ziandikwe wapi, na mwamuzi wake ni nani?

Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu, na kwamba katika kuzungumza juu ya mipango mikubwa, wenyeji wa mahali pale wapewe nafasi ya pekee. Aliyasema yote mawili katika barua moja. Asiyekumbuka la kwanza anamsahau mwenye kiu. Asiyekumbuka la pili anamsahau mwenye nchi.

Watu wa Halfa waliokataa kupanda gari moshi walibaki ukingoni. Ziwa lilipopanda, walibomoa vibanda vyao wakavijenga juu kidogo. Likapanda tena, wakahama tena. Wadi Halfa ipo hata leo, mji mdogo kando ya maji yaliyofunika ule wa zamani. Hawakuweza kubishana na maji, kwa sababu maji hayana masikio. Mwenye masikio ni mtu, na masikio yake husikia vizuri zaidi mpango ungali katika karatasi. Karatasi hufutika. Ukuta wa mto haufutiki. Basi tuulize sasa, kwa heshima na kwa ujasiri, na tusiwaachie watoto wetu kazi ya kuuliza wakiwa wamesimama ukingoni mwa ziwa.